Ameenda Kinkondja

Kamina, tarehe 4 mwezi wa pili 2024

Kyungu, mudogo yangu,

Mbele ya salamu ninakuomba kitu kimoja: usipige simu tena. Juzi ulipiga, Papa akasikia sauti yako, akahangaika mpaka jua likazama. Simu haimufai. Andika. Minyi nitamusomea polepole, na jibu nitaiandika ku karatasi, kisha Ève njo atapiga picha na kukutumia. Unamukumbuka Ève, bibi ya ule askari wa Base, anauzisha vocha na sabuni. Kule ku kambi ya Base réseau ya simu iko. Hapa kwetu ku nyumba za shemini defere, kando ya reli, antene inakufa kila mvua ikinyesha, na mvua inanyesha kila siku.

Na usicheke Kiswahili yangu. Weye ulikwenda kusoma Dar es Salaam, sasa unaandika sawa vile padri anasoma Injili. Minyi nilibaki hapa na makala na bukari, ile munaita ugali.

Sasa Papa. Siku ingine iko muzima kabisa, anakuambia treni gani ilipita saa gani, mashini namba gani, dereva gani alikuwa mulevi. Kesho yake ananiangalia, anauliza, «Mama huyu anayepika alitoka wapi?» Anatembea hatua ndogondogo, anakokota miguu. Nafikiri ni magoti, miaka yote ile alikimbia juu ya mawe ya reli. Mu usingizi anapiga mateke na kelele mpaka jirani banagonga ukuta.

Lakini kitu kilinifanya nikuandikie ni hii. Wiki iliyopita nilikuwa ninaosha majani ya sombe, nikageuka, kiti yake bure. Nilikimbia. Nilimukuta amesimama katikati ya reli na pyjama, mukono juu, sawa vile zamani alikuwa anasimamisha treni. Na treni ya mizigo ilikuwa imeshapiga honi. Nilimuvuta na nguvu ya Mungu, tukaanguka wawili mu majani. Alinikasirikia! Alinipiga kofi, ule muntu hakunipiga hata nikiwa mutoto.

Kyungu, ninaogopa siku nitachelewa. Weye njo unafanya kazi ya bongo za bantu mu maabara. Niambie ni nini hii, na tumusaidie na nini.

Dada yako,
Clotilde


Dar es Salaam, 7 Februari 2024

Yaya Clotilde,

Barua yako imefika na doa la mawese pembeni. Nikainusa simu, mjinga mimi, kana kwamba picha ina harufu.

Nimeisoma mara kadhaa. Kwanza, funga geti kwa mnyororo na ufunguo uuvae shingoni. Pili, pole kwa lile kofi. Si yeye aliyelipiga.

Unaniuliza ni nini. Yaya, mimi si daktari. Kazi yangu ni kupaka seli rangi na kuzitazama kwenye darubini. Lakini ninachokiona kila siku nitakueleza, umsomee na Papa akiwa na akili yake, kwa maana hajawahi kupenda kufichwa kitu.

Seli za ubongo zinasemezana. Kwenye ncha ya kila moja kuna vifuko vidogo mno vilivyojaa kemikali. Seli ikiwa na neno, kifuko kinasogea ukingoni, kinafunguka, kemikali inavuka pengo dogo, na jirani anapokea. Hivyo ndivyo mtu anavyoinua mguu, ndivyo anavyolikumbuka jina la binti yake. Sasa kuna proteini moja inayovitunza vile vifuko, inaitwa alfa-sinukleini. Ikiwa nzima inafanya kazi kimya, hata hujui ipo. Ikikunjika vibaya inaanza kugandana na wenzake, kidogo kidogo, mpaka inakuwa donge, kama bukari iliyopikwa na mtu mvivu. Vifuko vinanasa. Seli inasema, jirani hasikii. Na ubaya wa donge ni kwamba linazifundisha proteini nzima za karibu nazo zikunjike vilevile.

Sijui kama Papa ana donge hili au lingine, maana yako ya namna nyingi. Nimezungumza na daktari mmoja wa mishipa ya fahamu tunayefanya naye kazi. Amenipa maswali, unijibu ndiyo au hapana: Je, mikono inatetemeka akiwa amepumzika? Je, akili inakuja na kwenda? Je, anaona watu au wanyama wasiokuwepo? Je, anakula?

Nijibu upesi. Mwezi huu, unajua mwenyewe, ni mwezi ambao pacha wangu Kabange alienda Kinkondja. Nimetimiza miaka thelathini na minne peke yangu tena. Nilinunua soda mbili, nikanywa moja.

Mdogo wako,
Kyungu


Kamina, tarehe 11 mwezi wa pili 2024

Kyungu,

Jina lile usiliandike tena! Umesahau? Siku ile Papa alisimama mbele ya bantu bote, mbele ya Mama, akasema: kwa mapasa hakuna machozi, na neno la kifo halitamukwe mu nyumba hii. Mutoto ameenda Kinkondja, basi. Ukimulilia pacha mumoja, anageuka nyuma na kumuita mwenzake. Minyi nilikuwa na miaka kumi na tano, weye minane. Nilikubana mudomo na mukono yangu usilie, ukaning'ata, alama iko mpaka leo. Kama ungelia, tungekukosa na weye. Mama mwenyewe alikufa bila kumulilia mutoto wake. Sasa weye unakunywa soda na kuandika majina. Mungu akusamehe.

Na bukari ya muntu muvivu, ni nani huyo? Nitakungojea hapa na mwiko.

Majibu. Mukono unatetemeka kidogo sana, ni uzee. Akili, ndiyo, inakuja na kwenda, nilishakuambia. Kuona bantu: hapana. Haoni kitu. Anaona tu ile tunaona sisi bote. Kula, ndiyo! Anakula vizuri kushinda mbele. Siku hizi anaomba sahani mbili, na samaki ya kutoka ziwa ya Kinkondja anaichambua miba moja moja na vidole vyake mwenyewe.

Geti nimefunga. Maneno ya proteini sijamusomea bado, ningojee siku njema.

Clotilde


Kamina, tarehe 19 mwezi wa pili 2024

Kyungu mwana wangu,

Minyi Papa yako, Edmond Kaumba, aiguilleur wa shemini defere, mugeuza njia za treni, mu retraite, ninasema na dada yako anaandika. Leo akili iko.

Clotilde alinisomea ile maneno ya vifuko na donge. Nimesikia. Usifikiri nimeogopa. Minyi nilifanya kazi ku njia moja, treni za kwenda na za kurudi zote mule mule. Zamani mashini ilikuwa haitoke ku gare, ku stesheni, kama dereva hana bâton mu mukono, ile fimbo ya chuma. Na bâton ni moja tu, juu treni mbili zisikutane. Siku moja kule Kabongo bâton ilikwama mu kisanduku yake. Mashini muzima, dereva muzima, moto iko, bantu bamejaa na kuku zao, na hatutoke. Jua likapanda. Ba mama balishuka bakaanza kupika kando ya reli. Muntu anayepita anasema, treni hii imekufa. Haikufa. Inangojea ruhusa.

Njo minyi hivi. Neno iko mu kichwa yangu, tayari, na haitoke. Dada yako anafikiri siko. Niko. Musinikasirikie, ningojeeni kidogo.

Unasoma vizuri, unafanya kazi vizuri. Oa.

Papa yako,
Edmond


Dar es Salaam, 22 Februari 2024

Papa wangu, na Yaya wangu,

Barua ya Papa nimeichapisha, nimeibandika juu ya meza yangu kazini. Daktari aliisoma, nikamtafsiria Kabongo na bâton na kuku, akasema wanafunzi wake hawajawahi kumweleza ugonjwa vizuri hivyo. Papa, nakuheshimu. Kuhusu kuoa, tusubiri ruhusa.

«Dada yako anafikiri siko. Niko.» Yaya, nililia pale mezani mbele ya watu. Basi mjue tu.

Kitu kimoja. Kabla ya sahihi ya Papa kuna mstari umefutwa. Umefutwa kwa wino mpaka karatasi imetoboka. Alisema nini?

Kyungu


Kamina, tarehe 25 mwezi wa pili 2024

Kyungu,

Hakusema kitu. Nilikosea herufi. Bic ya Ève ni mubaya, inavuja.

Sikiliza jambo kubwa. Jana Papa alivunja geti. Weye unashangaa, minyi pia, ule muzee wa hatua ndogondogo alichukua nyundo. Alikuwa ameshafika ku reli tena, mukono juu, anapiga kelele mpaka mate inaruka. Dereva alifunga breki. Alishuka, kijana wa bantu, akanitukana, kisha akaona ni Papa Mapasa, baba ya mapacha, vile bote ku reli banamuita, akavua kofia. Alisema, «Mama, mara ya tatu sitaweza.»

Florent, infirmier anayetibu bantu kule Base, alikuya kumuangalia. Ni muntu muzuri, hakuomba kitu. Anasema kuko sindano ya kutuliza, haloperidol. Hataki kuchoma bila ruhusa ya docteur, akaniambia, «Ndugu yako iko na bakubwa kule, aulize.» Kyungu, uliza. Sisinzii tena. Ninakaa mbele ya mulango sawa vile mbwa.

Clotilde


Dar es Salaam, 26 Februari 2024

Yaya,

Nimemuuliza daktari leo asubuhi, kabla hajavua hata koti la mvua. Hakupenda. Alisema angetaka kumwona mgonjwa kwa macho yake, na mimi nikamwambia kutoka Dar mpaka Kamina ni mbali na reli iko mita chache kutoka mlangoni kwetu. Akaniuliza tena swali moja tu: anaona watu wasiokuwepo? Nikamwambia dada yangu amejibu hapana. Akasema basi, kama haoni, Florent ampe kiasi kidogo, nusu ya kile wanachowapa vijana, na amwangalie.

Yaya, nakuuliza mara ya mwisho, na hapa naomba usinijibu kwa haraka. Kweli haoni mtu? Hata mtoto, hata mbwa? Ukisema hapana, mwache Florent achome.

Kyungu


Kamina, tarehe 28 mwezi wa pili 2024

Nilishakujibu, Kyungu. Haoni muntu.

Florent alichoma jana. Papa iko mu kitanda, ametulia kabisa. Leo nimekwenda soko bila kukimbia, ni mara ya kwanza tangu Noeli. Nimenunua kitambaa. Umushukuru docteur yako, na Mungu amubariki mu kazi yake.

C.


Kamina, tarehe 2 mwezi wa tatu 2024

Kyungu,

Iko kitu haiko sawa. Papa hainuke. Shingo na mikono imekuwa ngumu, nikitaka kukunja kiwiko yake hakikunjike, mwili unawaka moto. Maji inatoka pembeni ya mudomo. Florent alichoma mara ya pili juzi juu alianza kusumbua tena, leo amemuona, uso yake ikageuka. Anasema hajaona hivi. Ève amekimbia kutuma hii. Jibu sasa sasa. Hata simu, piga ku ya Ève, haidhuru tena.

Clotilde


Dar es Salaam, 2 Machi 2024

YAYA, ASICHOMWE TENA. Nimepiga simu haiingii, nimepiga kwa Ève, imezimwa, napiga na kuandika kwa pamoja. Mwambie Florent aache ile dawa, ampeleke hospitali, wampe maji ya mshipani, wapoze joto. Asimpe dawa yoyote ya kutuliza.

Na sasa niambie ukweli. Anaona watu? Ameanza lini?

Ngoja nikwambie kwa nini nimeuliza mara mbili, nilitakiwa kukwambia mara ya kwanza. Yale madonge niliyokueleza yakitapakaa ubongo mzima, mgonjwa huona vitu. Huona watu waziwazi, mchana kweupe, mara nyingi watoto. Ni ugonjwa unaoitwa wa Lewy. Na wagonjwa hao hawapewi haloperidol, kabisa, kwa sababu seli zao tayari zinahangaika kupeleka neno, na dawa hiyo inamziba masikio hata yule jirani aliyekuwa bado anasikia kidogo. Wanakauka. Wengine hawarudi.

Nilijua hilo tangu Februari. Sikukwambia kwa sababu ugonjwa huo ni mbaya, nauona kila siku kwenye kioo cha darubini, nilishaupaka rangi ya kijani mara nyingi, na sikutaka ulale na jina lake katika nyumba ile ukiwa peke yako. Nikakuuliza kama mtu anayejaza karatasi ya sensa. Nilifikiri nakuhurumia.

Jibu, Yaya. Nakusihi.

Kyungu


Kamina, tarehe 6 mwezi wa tatu 2024

Kyungu, mudogo yangu, damu yangu,

Papa ameenda Kinkondja.

Unanisikia? Alikwenda jumapili, kanisa zilikuwa zinatoka, mukono yake mu mukono yangu. Ile neno ingine siwezi kuiandika. Barua yako Ève aliileta jumatatu, umeme ulikuwa umekatika Base nzima. Tumeshamuzika, na kofia yake ya kazi juu ya kifua. Ba shemini defere balikuya bote. Treni ya mizigo ilipita polepole, ule kijana dereva alipiga honi toka ku daraja mpaka ku makaburi.

Sasa nitasema yote, kisha unifanye unavyotaka.

Alikuwa anaona. Tangu mwaka jana, mbele ya mvua kuanza. Alikuwa anamuona Kabange.

Hakuwa anaogopa. Alisema mutoto iko vilevile, miaka minane, nywele zimelowana, amekaa ku kile kiti ya chuma Papa alitoka nayo ku gare. Alikuwa anaongea naye Kiluba siku nzima, anacheka. Kyungu, ule muntu alikuwa anacheka! Sahani ya pili ilikuwa ya Kabange. Miba alikuwa anamutolea yeye. Kila siku minyi nilikula ile samaki jikoni, nimefunga mulango, juu Papa asione sahani inarudi imejaa.

Na ku reli hakuwa anataka kujiua. Alikuwa anaona mutoto anacheza ku reli. Alikwenda kusimamisha treni.

Siku ulipiga simu, alisikia sauti yako, akaita, «Kabange, kuya, ndugu yako amefika!» Kisha akasogeza mudomo ku simu, akasema, «Kyungu, ndugu yako anakuita.» Weye hukusikia, réseau ilikuwa imekatika. Lakini minyi nilisikia. Maneno yale yale tuliogopa miaka yote ile. Nilitupa simu ku mutungi wa maji. Nikaapa hutasikia kamwe. Mustari nilifuta mu barua ya Papa ilikuwa hii: «Kabange iko hapa, anauliza utakuya lini.» Ningeiacha vipi? Uliniuliza, anaona bantu? Nilisoma swali yako, nikakuona weye mutoto ku ukingo wa maji, na mukono yangu ku mudomo yako. Nikaandika hapana. Ningeandika hapana hata mara mia. Sikujua unauliza juu dawa inaweza kumuua. Nilifikiri unaanza kuitika.

Kiisha sindano ya kwanza alilala muda murefu. Aliamuka, akaangalia kiti. Akaangalia chini ya kitanda, nyuma ya pazia. Akauliza, «Mutoto iko wapi?» Nikauliza mutoto gani. «Kabange.» Kyungu, nilifurahi! Nilisema mu moyo, dawa inafanya kazi, mudogo yangu amepona hatari. Nikamujibu vile alitufundisha yeye mwenyewe, «Ameenda Kinkondja, Papa.»

Aliniangalia. Alikuwa na akili yake yote mu macho, nakuapia. Na akaanza kulia. Papa, aliyetukataza. Alilia mutoto yake na sauti, anaita jina, mpaka jirani bakakuya. Haikukoma. Njo pale alikuwa anasumbua, njo pale nilimuita Florent arudi amuchome mara ya pili. Nilitaka anyamaze kwa ajili yako.

Alinyamaza.

Florent amekaa ku mulango wetu tangu maziko, hataki kula. Nimemuambia si yeye.

Uliandika nikuambie ukweli, nimekuambia. Sasa weye uniambie. Ni minyi nilimuua?

Clotilde


Dar es Salaam, 10 Machi 2024

Yaya Clotilde,

Barua hii nimeianza mara nyingi. Ya kwanza ilikuwa na matusi, nimeichana. Ya pili ilikuwa na faraja tupu, nayo nimeichana, kwa sababu tumeshadanganyana vya kutosha.

Umeniuliza. Ugonjwa ule ungemuua Papa, siku moja, hata kama mimi na wewe tungekuwa malaika. Lakini si mwezi huu. Mwezi huu tumemuua sisi. Wewe kwa lile neno hapana, na mimi kwa kunyamaza sababu ya swali. Ningeongeza mstari mmoja tu, Yaya, nikaandika: nauliza kwa sababu dawa itamdhuru. Ungesema. Najua ungesema. Niliufuta mstari wangu kabla sijauandika, na wangu haukuacha hata tundu kwenye karatasi.

Nimekukasirikia, nisikufiche. Jana nimepiga ukuta mpaka mkono umevimba. Kisha nikakufikiria jikoni, mlango umefungwa, unakula samaki wa Kabange ili Papa asihuzunike, na hasira ikaniishia nikabaki nimekaa sakafuni. Nani mwingine angefanya hivyo? Kwa miezi yote ile, peke yako?

Mwambie Florent ale. Mwambie mimi nimesema.

Asubuhi nilikwenda kazini, nikawasha darubini. Yale madonge yalikuwepo, ya kijani, yametulia kwenye ncha za seli kama siku zote. Nilishindwa kuyaita adui. Nilikuwa nafikiri kwamba ndiyo yaliyomleta mtoto akakaa kwenye kiti, na Papa akacheka. Nimezima, nimetoka. Sijui kama nitarudi kwenye kazi hiyo.

Sasa nitafanya kitu, na wewe usipige kelele. Soma mpaka mwisho.

Kabange alikufa. Alizama Kinkondja, mchana, alikuwa na miaka minane, na mimi nilikuwa ukingoni nimemshikia viatu. Papa alikufa. Alikufa Kamina, jumapili, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wako.

Nimeyaandika, Yaya. Kisha nimeyasoma kwa sauti, dirisha wazi. Nimelia mpaka mwenye nyumba akaja kugonga. Nikangoja. Nimengoja usiku kucha mtu aniite, na hakuna aliyeniita, na leo asubuhi nimeamka, nimekunywa chai, moyo unapiga. Ungeniambia kwamba Kabange yuko pale nyumbani, ningekuwa hai vilevile. Na Papa angekuwa kwenye baraza, anamchambulia samaki.

Sikuandikii hivi nikuumize. Nakuandikia ili mkono wako utoke mdomoni mwangu. Umeushikilia muda mrefu mno, dada yangu, na najua umechoka.

Nimekata tikiti ya basi mpaka Lubumbashi, kutoka pale nitatafuta treni au lori. Kile kiti cha chuma usikiondoe. Usilale peke yako humo ndani, mwite Ève. Pika samaki, weka sahani zote mezani, hata zile za wasiokuwepo, na safari hii mlango wa jikoni uwe wazi.

Nikifika, tutaanza na Kabange. Tumlilie yeye kwanza, wewe na mimi, kwa sauti, majirani wasikie. Ndiye aliyetangulia. Akimaliza kuliliwa, ndipo tumlilie Papa.

Mdogo wako, niliye hai,
Kyungu